Mama Aliyerudishwa Getini

Mtori wa mzazi haupikwi kwa haraka. Ndizi humenywa, huchemshwa na nyama ya mfupa, kisha hupondwa mpaka zilainike kabisa. Magreth alikuwa bingwa wa kazi hiyo pale kijijini Kikwe. Kila asubuhi alikaa jikoni na mwiko wake, akiponda ndizi na kuimba mapambio.

Mwaka huo alikuwa na sababu ya kuimba. Mwanawe Abdiel, fundi wa pampu za kumwagilia, alikuwa amepata mtoto wa kwanza. Alikuwa msichana. Abdiel alimpa jina la Princess.

"Princess ndiyo jina gani?" Magreth aliuliza. "Ukoo mzima hatuna hata mfalme mmoja."

"Tumeanza na binti, mama. Mfalme atakuja baadaye," Abdiel alijibu, akacheka.

Mke wa Abdiel aliitwa Pudensiana. Kwa desturi ya nyumba ile, mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, naye hutunzwa ndani. Hafagii, hachoti maji, hapiki. Analetewa mtori, supu na loshoro, yaani mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Mama mkwe ndiye humhudumia. Siku mzazi akitoka nje, majirani humtazama mashavu. Mashavu yakiwa yamejaa, sifa zote ni za mama mkwe.

Mashavu ya Pudensiana hayakujaa.

Alikula vijiko vichache, akasukuma bakuli. Mtoto akilia, alimchukua taratibu na kumnyonyesha akiwa ametazama ukuta. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Kula, mwanangu," Magreth alimwambia.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Hata kifaranga anakula kukushinda wewe!"

Magreth alitoka uani akamkuta Abdiel anafunga mzigo wa vifaa kwenye pikipiki.

"Mke wako analia na mtori mdomoni," alisema. "Mimi nilipokuzaa wewe, bibi yako alikuwa mgonjwa. Nilijipikia mwenyewe. Huyu analetewa kila kitu kitandani. Anataka nini tena?"

"Labda amechoka, mama."

"Amechoka kwa kazi gani?"

Abdiel alikaza kamba ya mzigo. Aliwasha pikipiki akaenda kazini.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo wote wawili walilijua na hawakulitaja. Pudensiana ni Mhadzabe. Kwao ni bonde la Yaeda, mbali upande wa Mbulu, ambako watu wake huchimba mizizi, hurina asali na kuwinda. Alipokuwa mdogo alipelekwa shule ya bweni. Huko wenzake walimcheka kwa sababu lugha yao ina sauti za kugonga ulimi. Walimwita mtu wa porini. Akajifunza kunyamaza. Baadaye alikuja Tengeru kusomea kilimo cha mboga, na huko ndiko alikokutana na Abdiel.

Magreth alimpenda kwa bidii yake. Ila kabla ya harusi alimwita pembeni.

"Mwanangu, mimi sina neno," alimwambia. "Lakini watu wa hapa wana midomo. Tuseme wewe ni Mmbulu wa Karatu. Na ile lugha yenu, usiiongee hapa uani. Watakucheka."

"Sawa, mama," Pudensiana alijibu. Hata alitabasamu. Alikuwa ameshazoea. Harusi ikafungwa bila ndugu zake.

Magreth aliamini kwamba anamlinda.

Kisha mtoto akazaliwa. Siku moja wanawake wa umoja wa kanisa walikuja kuona mtoto. Walikuwa barazani wanakunywa chai, kicheko juu ya kicheko, mbwa akabweka getini. Magreth akaenda kufungua.

Alikuta mwanamke mfupi, amejifunga kanga mbili zilizopauka, miguuni ana viatu vya matairi. Mkononi alishika kidumu cha asali.

"Mimi mama yake Pudensiana," yule mwanamke alisema kwa Kiswahili cha polepole. "Nimekuja kumwona."

Magreth alisikia baraza likinyamaza nyuma yake. Aliwaza: wataona, watauliza, watajua nilisema uongo.

"Ahsante kwa kuja," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini mzazi haonwi na wageni sasa hivi. Ndiyo mila yetu."

"Hata mama?"

"Hata mama."

Hiyo haikuwa mila. Mama wa mzazi akifika, hupewa kiti kizuri na huingia mpaka chumbani. Magreth alilijua hilo tangu utoto wake.

Yule mama alitazama nyumba. Kisha akapaza sauti kwa lugha yake, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya korongo. Aliongea kitambo, akasubiri. Ndani kulikuwa kimya. Akampa Magreth kidumu, akageuka, akaenda zake.

"Nani huyo?" aliuliza Mama Sadoki, jirani yao, Magreth aliporudi barazani.

"Muuza asali."

"Basi tuonjeshe, Mama Abdiel! Usiifiche kabatini."

Magreth akawatilia kwenye chai.

Tangu siku ile Pudensiana alizidi kufifia. Hakuoga mpaka aambiwe. Hakumwongelesha mtoto. Magreth aliongeza nyama kwenye mtori, kisha akaongeza siagi. Haikusaidia.

Asubuhi moja Lydia alipita. Lydia ni mhudumu wa afya ya jamii, mtu anayetembelea kaya kuangalia wazazi na watoto. Alimkuta Princess analia kitandani, ngumi juu, uso mwekundu. Pudensiana alikuwa amekaa pembeni yake. Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Shikamoo, mama," Lydia alimwamkia Magreth.

"Marahaba. Mwone mwenyewe mzazi wangu. Mimi nimeshindwa."

Lydia alinawa mikono, akamchukua mtoto, akambembeleza mpaka akatulia. Kisha akakaa kitandani karibu na Pudensiana.

"Mama Princess, nataka tuongee. Mama yako mkwe atupishe?"

Pudensiana alifikiri. "Akae," alisema. "Asikie."

"Mtoto akilala, na wewe unalala?"

"Silali."

"Chakula je?"

"Hakina ladha. Unisamehe, mama, si kwamba unapika vibaya."

"Ukimtazama Princess, unawaza nini?"

"Nawaza ni mtoto mzuri. Nawaza amekosea mama."

Lydia alimshika mkono. "Nitakuuliza jambo waziwazi, kwa sababu wazazi wengi huogopa kulisema. Umewahi kufikiria kujidhuru, au kumdhuru mtoto?"

"Mtoto, hapana." Pudensiana alitazama ukuta. "Mimi, juzi nilitamani nilale nisiamke."

Magreth alishika mlango.

"Ahsante kwa kuniambia," Lydia alisema. "Ni jambo gani linalokurudia kichwani?"

"Mama yangu alikuja. Nilimsikia pale getini. Aliniita kwa jina la nyumbani. Lakini kina mama wa kanisa walikuwa barazani. Nikiitika, ningeitika kwa lugha yetu, nao wangejua mimi ni nani." Alijifuta uso kwa kanga. "Amenizaa, nami nikamnyamazia kama simjui."

Magreth alitaka kusema kwamba alifanya kwa nia njema. Badala yake aliuachia mlango, akasogea kitandani.

"Si wewe, mwanangu," alisema mwisho. "Mimi ndiye niliyemrudisha."

Lydia aliwaangalia wote wawili. Hakumgombeza mtu.

"Mama, huu ni ugonjwa," alimweleza Magreth. "Ni sonona, huzuni kubwa inayowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua. Si kukosa shukrani. Si laana. Hauchagui kabila, hauchagui tajiri. Ila mtu anayeficha asili yake kila siku tayari amebeba mzigo. Akijifungua na mzigo huo, akawa mpweke, huelemewa haraka."

"Kwa hiyo mtori wangu ni kazi bure?"

"Si bure. Endelea kumpikia. Lakini mtori hauwezi kukaa ukamsikiliza."

"Na tukimwombea?"

"Mwombeeni, tena sana. Na twende kituo cha afya. Twende leo, mama, siyo kesho. Mtu akisema anatamani asiamke, haachwi peke yake hata dakika."

Siku hiyo hiyo walikwenda. Mganga alimsikiliza Pudensiana bila haraka. Alimpa dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia, akampangia siku za kurudi kuongea na mshauri. Aliwaambia Abdiel na Magreth wapokezane kumshika mtoto ili mama yake apate usingizi. Kisha akamuuliza Pudensiana: "Ni nani ungependa awe karibu nawe?"

"Mama yangu."

Abdiel alifunga safari kwenda Yaeda. Aliporudi alikuwa peke yake. Magreth alikwenda kumpokea getini, akachungulia nyuma ya mwanawe.

"Yuko wapi?"

"Hakukubali kuja. Amesema, kwenu nilishafika. Amesema mwanawe aende kwake."

"Mzazi asafiri kabla ya kutoka ndani? Kwetu haijawahi kutokea, Abdiel. Watu watasema nimemfukuza!"

"Na kumrudisha mama wa mzazi, iliwahi kutokea?" Abdiel hakusema kwa hasira. Alisema kwa uchovu. "Mimi mwenyewe nina kosa, mama. Nilijua anajificha. Nikanyamaza ili nyumba iwe na amani. Amani gani ile?"

Magreth alifunga geti taratibu.

Walimuuliza mganga kama safari inafaa. Alikubali, mradi dawa ziendelee, mtu awe naye wakati wote, na wawahi siku ya kliniki. Kabla ya kuondoka, Magreth aliwaita wanawake wa umoja. Aliwakaribisha barazani na kuwapa chai. Alisimama, mikono imeshika kitenge.

"Niliwadanganya," alisema. "Mkwe wangu si Mmbulu. Ni Mhadzabe. Yule mwanamke wa getini hakuwa muuza asali. Ni bibi yake Princess. Alitoka mbali kumwona mtoto wake mgonjwa, nami nikamfungia geti kwa sababu yenu. Hapana, si kwa sababu yenu. Kwa sababu ya aibu yangu."



"Wahadzabe si ndio wale wa porini?" mmoja alinong'ona.

"Ndio hao wanaochekwa," Magreth alisema. "Na ukitaka kucheka, anza na mimi."

Mama Sadoki aliweka kikombe chini. "Jamani," alisema polepole, "na asali yake tukainywa."

"Tuliinywa," Magreth alijibu.

Hakuna aliyegusa chai tena.

Walifika Yaeda jua likiwa kali. Mama yake Pudensiana alikuwa amekaa nje ya kibanda chake. Hakukimbia kuwapokea. Alinyanyuka, akamchukua mtoto, akamtazama uso kwa muda mrefu. Pudensiana alipiga magoti mbele yake. Alianza kuongea kwa lugha yao, mara ya kwanza Magreth kumsikia akiongea hivyo. Maneno yalimtoka kama maji, pamoja na kilio cha sauti, kilio ambacho hakuwahi kukitoa Kikwe.

Magreth alikaa pembeni. Hakuelewa hata neno moja. Alijiona mgeni, akajua kwamba ndivyo binti yule alivyoishi nyumbani kwake tangu siku ya harusi.

Baadaye Pudensiana alimtafsiria Abdiel, na Magreth akasikia.

"Nimemwambia nilimsikia, nikaogopa kuitika. Amesema alijua nipo ndani, nasikia. Ndiyo maana alipaza sauti. Alitaka mtoto aijue sauti yake."

Magreth alikwenda mbele ya yule mama. "Nisamehe," alisema.

Yule mama alimtazama. "Nimesikia," alijibu kwa Kiswahili chake cha polepole. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

Pudensiana alikaa na mama yake mpaka karibu na siku ya kliniki. Kupona hakukuja kwa mara moja. Kwanza alilala. Kisha akasikia njaa. Zilikuwepo siku mbaya, alizolia tangu asubuhi, na Lydia alikuwa amewaonya kuhusu siku hizo. Aliporudi Kikwe aliendelea na dawa na ushauri. Alimwongelesha Princess kwa lugha yake pale pale uani, kwa sauti ya kawaida. Wapo waliocheka. Wapo waliouliza maswali, akawajibu. Na sasa amerudi kwenye bustani yake ya mboga, mtoto mgongoni.

Kuna mambo hayakurudi. Wiki zile za kwanza, Princess alipokuwa mdogo wa kulala kwenye kiganja, mama yake hazikumbuki vizuri, na bibi yake wa Yaeda hakuziona kabisa. Magreth akimwogesha mtoto huwaza hayo. Maji hupoa kwenye beseni.

Kila Abdiel anapokwenda Yaeda, Magreth hutuma salamu za kumkaribisha yule mama. Jibu huwa lile lile: bado.

Jumapili moja, baada ya ibada, Magreth alikaa karibu na Pudensiana aliyekuwa ananyonyesha. Macho ya Pudensiana yalikuwa kwa mtoto.

"Mama yako amesema bado?"

"Bado, mama."

"Nimechoka kumngoja aje kwangu. Mavuno yakiisha nitakwenda mimi. Nifundishe kumwamkia kwa lugha yenu."

Pudensiana alimtamkia. Magreth alijaribu kuugonga ulimi, akajiuma.

"Mama, hapo umeswaga punda!"

Walicheka wote wawili. Princess aliacha kunyonya, akageuka kuutazama mdomo wa bibi yake.

"Rudia," Pudensiana alisema. "Safari hii polepole."

Magreth akarudia.