Fundi Asiyekaa Kitini

Baba yangu ni fundi cherehani, na mimi ni Kasuku wake. Ananiita hivyo kwa sababu nasema kuliko redio. Kila nikitoka shule nilimkuta ameketi, mguu uko kwenye pedali. Nilimtungia uzi huku nikimmwagia habari zote za darasani.

Wiki ile nilimkuta amesimama. Jumatatu alisimama akikata kitambaa, Jumanne akashona vifungo kwa mkono, wima kama askari wa zamu. Sare za watu zilirundikana na cherehani ikafunikwa shuka.

"Baba, mbona hukai?"

"Mgongo tu, mwanangu."

Mgongo gani huo wa kujipulizia manukato asubuhi, mchana na jioni? Na chini ya manukato kulikuwa na harufu ya nyama iliyooza. Alhamisi nikaikuta suruali yake imelowekwa kwenye beseni, ina usaha na damu.

"Kasuku, leo funga mdomo," baba alisema. "Nina jipu mahali pa aibu. Nimelipaka majivu, litapona. Mama yako asijue. Niahidi."

Nikaahidi. Usiku sikupata usingizi.

Ijumaa akaanguka katikati ya vitambaa, mwili unachemka. Mama akakodi gari la jirani, tukamkimbiza hospitali.

Daktari alikuwa mwanamama mfupi asiye na maneno mengi. "Unaumwa wapi, mzee?"

"Mgongo," baba akanong'ona.

Daktari akaanza kumbonyezabonyeza mgongo. Jamani, mgongo! Baba alinikazia macho, nikajua ananikumbusha ahadi yangu. Niliogopa kumwaibisha, lakini niliogopa zaidi kumpoteza. Nikapiga moyo konde.

"Daktari, si mgongo. Ana jipu sehemu za siri, linatoa usaha na linanuka. Amelipaka majivu. Tangu Jumatatu hawezi kukaa."

Mama alishika mdomo. Baba akageukia ukutani.

Daktari alitutoa nje, akavuta pazia. Hazikupita dakika mbili akatoka.

"Andaeni chumba cha upasuaji, sasa hivi!" aliwaambia wauguzi. Kisha akamgeukia mama. "Nyama imeanza kufa, na kila saa inazidi kufa. Lazima niikate yote iliyooza. Ana ugonjwa wa sukari?"

"Anao. Dawa aliziacha, eti amepona."

"Basi ndiyo maana jipu limekuwa baya hivi."

Alipasuliwa siku hiyo, na tena Jumapili. Alitundikiwa dripu za dawa, akapimwa sukari kila siku, na kidonda kikaoshwa asubuhi na jioni. Mara ya kwanza baba alijifunika shuka hadi kichwani. Muuguzi, mwanamume mwenye ndevu nyeupe, akamwambia, "Mzee, nimeosha vidonda miaka thelathini. Hapo kwako hakuna jipya." Kicheko cha baba kilisikika hadi kwenye benchi tulilokalia nje. Hata hivyo, siku tatu hakunisemesha, nami nililia sana.

Siku ya nne daktari alimkuta amenigeuzia mgongo.

"Mzee, ungechelewa mpaka kesho yake, tungekuzika. Mdomo wa mtoto huyu ndio uliokuokoa." Akaniinamia. "Ukiambiwa utunze siri, na siri hiyo inamuumiza mtu, usiitunze. Mwambie mtu mzima anayeweza kusaidia."

Baba alininyooshea mkono. "Nisamehe, Kasuku. Nilikubebesha mzigo usio wako."

Miezi miwili baadaye aliketi tena kwenye cherehani, juu ya mto laini. Mshona viatu wa jirani akaja kuchukua shati lake.

"Fundi, mgongo umepona?"

Baba aliacha kukanyaga pedali. "Haukuwa mgongo. Nilioza sehemu za siri, nikaona haya kusema. Haya hiyo nusura iniue. Mwili ukiumwa, popote pale, unasemwa na unatibiwa."

Mshona viatu hakucheka. Alilipokea shati, akafika mlangoni, akarudi. Ndipo nilipoona kwamba tangu aingie hakuwa amekaa.

"Huyo daktari," aliuliza polepole, "yupo siku gani?"

"Kasuku," baba akasema, "mwambie."