Ndoo Nyuma ya Banda la Nasimiyu

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare ya shule, Mbinya alikuwa na kazi moja ambayo hakuipenda hata kidogo. Mama yake, Nduku, alikuwa akikaanga vichwa na miguu ya kuku na kuuza karibu na soko la Voi. Alivisafishia nyumbani kwao Ikanga, na mabaki yote, kucha, midomo na ngozi za miguu, yaliingia kwenye ndoo. Kazi ya Mbinya ilikuwa kuyafukia shimoni nyuma ya nyumba, kuyamwagia majivu na kuyafunika kwa udongo mwingi. Mama hakuwa na mchezo katika jambo hilo. Mabaki yakibaki wazi, alisema, mbweha watatoka mashamba ya mkonge na kufuata harufu mpaka mlangoni.

Mbinya alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, maana lilikuwa limemgharimu kuku wake. Mwalimu Muasya, aliyesimamia klabu ya kilimo shuleni, alikuwa amewapa wanafunzi kadhaa wa Gredi ya Saba kuku jike mmoja mmoja. Sharti lilikuwa moja: vifaranga wakikua, unatoa tembe mmoja, kuku jike ambaye bado hajaanza kutaga, apewe mwenzako ambaye hana, naye aanze kufuga. Mbinya alimpokea kuku wake kwa furaha. Lakini wakati wa kiangazi uvivu ukamwingia. Mabaki akayafunika kwa udongo kidogo tu, na mlango wa banda akaufunga kwa kitambaa. Mbweha akaja kufuata mabaki, akamkuta kuku, akaondoka naye. Basi.

Sasa jirani yao upande wa pili wa ua wa minyaa alikuwa Nasimiyu, binti wa fundi wa reli. Yeye naye alipewa kuku siku ileile. Kuku wa Nasimiyu akataga, akalalia, akaangua, na vifaranga wakawa wanamfuata mama yao uani kama watoto wa chekechea. Mwalimu Muasya akamsifu mbele ya shule nzima. Majirani wakapita kutazama. Hata Nduku, mama mzazi wa Mbinya, akawa hali chakula bila kumtaja Nasimiyu: Nasimiyu anaamka mapema, Nasimiyu ameweka wavu, Nasimiyu hivi, Nasimiyu vile.

Roho ya Mbinya ilimuuma, tusifichane. Wawili hao walikuwa wameketi dawati moja tangu Gredi ya Kwanza, na Nasimiyu hakuwa amemkosea lolote. Lakini kijicho hakiulizi umekosewa nini. Kila vifaranga walipolia ng'ambo ya ua, Mbinya aliona kama wanamcheka yeye. Akaanza kumjibu rafiki yake kwa mkato, na njiani akawa anatangulia asiongozane naye.

Asubuhi moja Nduku alimwambia akishafukia mabaki apite kwa Nasimiyu akajifunze jinsi banda linavyojengwa. Mbinya alinyanyua ndoo, akatoka. Alipofika kwenye shimo hakusimama. Alizunguka ua wa minyaa mpaka nyuma ya banda la Nasimiyu, palipokuwa na majani marefu, akaimwaga ndoo yote hapo. Alijiambia kwamba anajipunguzia kazi tu. Uongo mtupu! Alijua fika kinachofuata harufu ile. Alitaka Nasimiyu naye aonje, ili mama apate kunyamaza.

Kesho yake akarudia, na siku zilizofuata pia. Jioni moja, jua likizama nyuma ya vilima vya Taita, alimwona mbweha akipita kando ya mkonge, masikio yamesimama, akielekea ng'ambo ya ua. Mbinya angeweza kupiga kelele. Hata jiwe moja lingetosha. Alifyata ulimi, akaingia ndani kuosha vyombo.

Asubuhi, kabla hajaigusa ndoo, Nasimiyu alibisha mlango. Alikuwa amebeba boksi, macho yamevimba kwa kulia. Mbweha alichimba chini ya wavu, akamchukua kuku na baadhi ya vifaranga. Waliosalia walikuwa ndani ya boksi, wamejikunyata. Nduku alimkaribisha upesi, akawasha jiko la mkaa na kuliweka karibu na boksi ili vifaranga wapate joto.

"Nimekuja kuwaacha kwa Mbinya, Mama," Nasimiyu alisema. "Mimi sijui kufuga. Mwalimu alinisifu bure. Nitamwambia leo kwamba natoka kwenye klabu."

Nduku alimsihi asikate tamaa, lakini Nasimiyu alitikisa kichwa. Akainama, akamtoa kifaranga mmoja mwenye madoadoa.

"Huyu alikuwa wako, Mbinya. Nilishamwomba Mwalimu. Alikubali kwamba tembe wa kwanza nikupe wewe, kwa sababu wako aliliwa. Nilinyamaza nikitaka ushtuke kwa furaha."

Mwenzake alikuwa akijilaumu kwa kosa ambalo si lake, na kufumba na kufumbua angeacha kitu anachokipenda kuliko vyote. Kunyamaza kungekuwa rahisi. Nani alimwona? Hakuna. Lakini yule kifaranga alikuwa analia mkononi mwa Nasimiyu, na Mbinya hakuweza kumtazama.

"Usitoke kwenye klabu," alisema. "Banda lako halikuwa na shida. Mimi ndiye niliyekuwa namwaga mabaki ya Mama nyuma ya banda lako. Nilimwona mbweha akienda huko jana, nikanyamaza. Nilikuonea wivu."

Nasimiyu alimrudisha kifaranga kwenye boksi, taratibu, akaliacha pale, akatoka. Nduku hakugomba, na Mbinya angependa agombe. Alichukua jembe, akampa binti yake, wakaenda pamoja nyuma ya banda. Kucha na ngozi zilikuwa bado zimetapakaa kwenye majani, nzi wamejaa.

Siku hiyo Mbinya mwenyewe alimweleza Mwalimu Muasya yote. Mwalimu alikasirika, na hakuficha. Kisha, Jumamosi, alikuja Ikanga kuwaonyesha cha kufanya. Mbinya na mama yake walisomba mawe ya kuzungushia banda la Nasimiyu. Baba Nasimiyu alileta wavu, wakauchimbia mtaro na kuufukia chini ya ardhi kuzunguka banda lote. Shimo la mabaki lilichimbwa upya, refu zaidi, likafunikwa kwa bati zito. Nasimiyu alifanya kazi upande wa pili wa banda, hakumsemesha Mbinya.

Jioni mbweha alirudi. Walimtazama wakiwa dirishani kwa Nasimiyu. Alinusa majani, hakukuwa na kitu. Alichimba kidogo, makucha yakagonga jiwe, akajaribu upande mwingine, kisha akajiendea zake mkongeni. Hakurudi tena.

Mwalimu alimwagiza Mbinya awatunze vifaranga mpaka wakomae, halafu awarudishe wote kwa mwenyewe, yule wa madoadoa akiwemo. Mbinya aliwatunza. Aliamka mapema kuwapa maji, akawafungia jikoni kwao kabla giza halijaingia, na hakupoteza hata mmoja. Siku ya kuwarudisha, Nasimiyu aliwapokea mlangoni, akawatazama mmoja mmoja. Kisha akasema kwamba Jumatatu wangeweza kwenda shule pamoja, Mbinya akitaka.

Mbinya alirudi nyumbani mikono mitupu na machozi yakimlengalenga. Nduku alikuwa akisafisha miguu ya kuku. Alimvutia kigoda aketi.

"Mwanangu," alisema, "mbweha alipomchukua kuku wako, ulipoteza kuku tu, na kuku anapatikana. Nasimiyu alikuwa anakuwekea mwingine wakati wewe unamwitia mbweha. Wivu haukukupa cha Nasimiyu. Ulikunyang'anya chako."