Ufunguo wa Susu Ulikuwa Kwa Mkoba Wangu

Wasomaji wenzangu, niko na miaka arobaini na sita, mama wa watoto watatu, na ninaishi hapa Kitengela.

Nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. Na nilijiona, wee! Kiti cha mbele changu, kipaza sauti changu. Jumapili moja nilimkataza Mama Mwende, anayefulia watu nguo, asimpelekee mchungaji chai. Nilisema mbele ya watu kwamba mikono yake imechakaa na sabuni, inatia aibu. Alirudi kuosha vikombe.

Sisi akina mama tulikuwa tunamhudumia Susu, nyanya mmoja Mkamba aliyechanganyikiwa na uzee. Mwanawe anafanya kazi Rongai, huja Jumamosi. Kwa vile Susu alikuwa akitoroka kuelekea barabara ya malori, tulimfungia kwa kufuli. Mwenye zamu ya leo akimlisha jioni anafunga nyumba, ufunguo anampelekea wa kesho. Asubuhi unamwosha, unampa uji na dawa.

Zamu yangu ikafika. Asubuhi hiyo hiyo mchungaji akanipigia simu. Kuna ibada ya shukrani Kajiado, askofu anakuja, na mimi nitaketi meza kuu! Nikavaa kitenge kipya. Gari la mchungaji lilipita karibu kabisa na lango la Susu. Ningesema tusimame... Lakini nimwoshe mzee aliyejikojolea nikiwa na kitenge hicho? Nikajiambia ataoga jioni.

Saa tano nikafungua mkoba nitoe sadaka. Vidole vikagusa ufunguo. Yesu wangu! Nyumba ya mabati, jua kali, na tangu jana jioni hajapewa hata maji!

Je, niliinuka? Sikuinuka! Niliogopa askofu ataniona nikitoka. Niliogopa zaidi kumpigia Mama Mwende, jirani ya Susu, ajue mwenyekiti amekimbia zamu. Nikakaa pale nikipigwa picha, jasho linanitiririka mgongoni. Watu wakisema amina, mimi nasikia mtu akigonga mlango...

Saa saba nikashindwa. Nilitoka nyuma ya hema nikampigia Mama Mwende nikilia. Hakuniuliza chochote. "Wacha nivunje hiyo kufuli, mama. Wewe omba," akasema, simu ikakatika.

Nilikodi teksi. Kutoka Kajiado mpaka Isinya nilimpigia, hashiki. Isinya mpaka Kitengela, hashiki! Kwani Susu amekufa? Nitamwambia nini mwanawe? Polisi watanikujia? Nilimwahidi Mungu kila kitu, hata uenyekiti wenyewe.

Nilikuta mlango umevunjwa. Susu alikuwa chini pale mlangoni, midomo imekauka, kucha zimekatika kwa kukwaruza bati. Mama Mwende amepiga magoti kwa uchafu, anamnywesha maji kwa kijiko, na ile mikono niliyoidharau imemshika kichwa. Alikuwa hai! Hospitalini tuliambiwa tungechelewa kidogo tu, tungempoteza.

Niliacha uenyekiti. Nilimwomba Mama Mwende msamaha, akanionyesha vile Susu hugeuzwa akioshwa bila kuumizwa. Sasa zamu zangu ni mbili kwa wiki, na bado mwili wote hunisisimka nikifika pale mlangoni.

Siku moja akili ya Susu ilikuwa imetulia, nilikuwa namwosha miguu, nikamwambia ni mimi niliyemfungia siku ile nikaenda kwa sherehe. Susu alinitazama sana. Kisha akaniuliza kama huko nilikoenda walinipa chakula nikashiba.

Nililia mpaka nikashindwa kushika kitambaa.

Ndugu zangu mnaompenda Mungu, nawasihi! Kama kuna mtu mahali anakungoja, na kazi yenyewe haina makofi wala picha, tafadhali usipite lango lake kama nilivyopita mimi. Teremka kwa gari. Kitenge kitafuliwa.