Vidonge Kwenye Chakula cha Rui

Kila asubuhi Shahanara huchanganya pumba za mpunga na mashudu ya haradali, kisha huwalisha samaki wake aina ya rui. Hawa ni samaki wazazi. Mvua zikianza watataga, na vifaranga wao ndio riziki ya nyumba nzima. Msimu ukipita bure, familia haina kingine.

Siku hiyo alimkuta mumewe, Tofazzal, akisaga vidonge na kuvitia kwenye ndoo ya chakula. Shahanara alivijua vizuri. Vilikuwa vidonge vya uzazi wa mpango.

"Baba Tuli, unafanya nini?"

"Nawapa homoni. Sokoni wote wanasema mayai yataiva upesi."

"Vidonge nilivyomeza mimi nisizae, leo vizalishe samaki? Akili umeiacha wapi?"

"Mama Tuli, samaki si mtu. Lete ndoo."

Shahanara akaifunika ndoo, akaikalia. "Njoo uninyanyue, kama una ubavu!"

Tofazzal alifoka, kisha akabembeleza. Wapi! Mwanamke hakusogea. Moyoni alikuwa na hofu, maana hakuwa na ushahidi ila mwili wake mwenyewe. Lakini samaki wale hakuwa tayari kuwachezea.

Nilufa, afisa wa samaki, alifika akawakuta hivyo.

"Dada Nilufa, mwambie huyu," alisema Tofazzal. "Homoni si homoni tu?"

Nilufa akacheka. "Sivyo, shemeji. Chini ya ubongo wa rui kuna tezi ndogo sana, inaitwa pituitari. Hiyo ndiyo inayoamuru mayai yakue na yatoke. Mayai yanapokua, mfuko wa mayai hutuma homoni ya estrojeni, aina ile iliyomo kwenye vidonge hivi, kupitia damu. Kwenye tezi kuna vipokezi vinavyoipokea, kama sikio linavyopokea sauti. Hapo tezi hujua itengeneze homoni zake kiasi gani, na iziachie lini."

"Basi tukiongeza estrojeni, itachapa kazi zaidi!"

"Itadanganyika. Vipokezi havijui kama habari imetoka kwenye mayai au kwenye ndoo yako. Tezi inaweza kuzibana homoni wakati inatakiwa kuziachia. Hata madume wanaweza kukosa mbegu."

"Umesikia?" Shahanara aliuliza.

"Sasa tufanyeje?" Tofazzal aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wapeni chakula safi na maji safi. Tumbo la jike likilainika, niiteni. Tutawachoma sindano ya dawa itokanayo na tezi hiyo hiyo ya samaki, kwa kipimo. Hiyo ndoo naondoka nayo. Vidonge visiingie bwawani."

Mvua zikaja. Nilufa akaitwa, sindano zikachomwa, majike wakataga kwenye tangi la kuangulia. Kesho yake tangi lilikuwa limejaa vifaranga wembamba kama nyuzi.

Tofazzal alirudi kutoka sokoni anahema. "Mama Tuli, watu wanabisha. Wanasema haiwezekani bila vidonge."

Shahanara alifuta mikono kwenye sari yake. "Wabishe tu. Waambie waje na ndoo zao, wachote vifaranga."