Mvua Ndani ya Filamu ya Ojara

Mume wangu Ojara alikuwa mtafsiri wa filamu. Mtaani kwetu Kamwokya wote walimjua: filamu ya Kichina inaendelea, yeye juu yake anapiga domo kwa Kiswahili, na kila mtu wa kwenye filamu anampa jina la jirani. Watu walicheka sana. Malaria ikamchukua, mimi nina mimba ya miezi sita.

Mwaka huu bosi wake, Guerschom, mwenye kibanda cha filamu, akaja. Akasema amelisha mashine ya akili bandia kanda zote za Ojara, sasa inatafsiri filamu mpya kwa sauti yake. Naruhusu? Nikaruhusu palepale. Nilitaka mtoto amsikie baba yake.

Jumamosi mchana tukaenda. Sauti yake, jamani, mpaka kile kikohozi. Kwenye filamu mzee mmoja akateleza darajani. "Ondiek huyo," sauti ikasema, "makaa yamemlevya." Ondiek, muuza makaa wetu, alikuwa benchi ya mbele. Alicheka mpaka machozi.

Jumatatu Ondiek alikutwa amekufa mtaroni, chini ya kidaraja. Shingo imevunjika.

Watu walisema bahati mbaya, na mimi nikasema hivyo. Jumamosi iliyofuata nikarudi. Nilirudi kwa ajili ya ile sauti, basi.

Safari hii kwenye filamu ni msichana mdogo, amesimama kando ya kisima, mvua inanyesha.

"Lakot," ikasema. Polepole. "Lakot, njoo kwa baba."

Mwanangu Lakot, mgongoni, akanyoosha mikono.

Nikamvuta Guerschom nje. "Nani ameandika jina hilo?"

"Hakuna, Mama Lakot. Majina inaokota kwenye kanda za zamani."

"Kanda gani? Sisi Waacholi, Lakot ni wa kuzaliwa mvua ikinyesha. Ojara alishazikwa mtoto alipozaliwa. Hata mimi sikujua mvua itanyesha."

Akachungulia ndani. Kisha akanong'ona, "Filamu yenyewe haina mvua. Niliitazama kabla ya kuipa mashine."

Akafuta kila kitu mbele yangu.

Tumehamia Kyambogo kwa dada yangu. Madumu nimefunga, mabeseni nimegeuza. Wiki tatu hakuna mvua, vumbi tu. Lakot akilala mchana namshika mkono. Leo nilimwacha kidogo, nianue nguo. Zilikuwa kavu kabisa.

Niliporudi alikuwa amekaa kitandani, anauchekea ukuta. Nywele zinachuruzika maji. Na kando yake godoro limebonyea, kama mtu mzima ameinuka sasa hivi.