Dohani Iliyozibwa

Sinki lilihamishwa Jumatatu, na Jumanne ukuta wa jikoni ukaanza kupumua.

Mwenye nyumba aliusikia akifuta vumbi la saruji: pumzi mbili fupi, kisha moja ndefu yenye mluzi, pale pale ilipozibwa dohani ya zamani ya kutolea moshi. Ikafuata harufu ya masizi mabichi. Hakuogopa. Alikasirika, tena sana. Wiki ya tatu hii alikuwa akipikia nje kama mtu aliyefukuzwa kwake, na mamake angetoka hospitali Ijumaa. Kifua cha mamake hakikuvumilia moshi hata wa kiberiti. Kwa ajili yake sinki lilipelekwa dirishani, dohani ikazibwa, na feni mpya ikatundikwa juu ya jiko.

Akampigia simu fundi bomba, ambaye mtaa mzima ulimwita Kesho, kwa sababu ndiyo ahadi pekee aliyoijua.

"Fundi, umeacha nini ukutani kwangu?"

"Hewa tu hiyo, mama, imenaswa kwenye bomba. Kesho nakuja."

Ajabu ni kwamba alikuja. Saa nne asubuhi, jua likiwaka, akabandua kigae na kubomoa plasta yake mwenyewe, akatega sikio. Pumzi mbili fupi, moja ndefu. Kisha kitu kikavuta, kikavuta vumbi la sakafuni, kikavuta ncha ya mtandio wa mwenye nyumba mpaka ikagusa tofali, na masizi yakamjaa mdomoni kana kwamba amelala kifudifudi majivuni, na fundi, mwenye miaka thelathini kazini, akaangusha nyundo na kurudi kinyumenyume hadi mgongo ukagonga mlango.

"Mama," akanong'ona, "humu mna mwenyewe. Alikuwa anaingilia bomba la zamani, anatokea kwenye dohani. Mimi nimeziba kote, tena bila kuomba radhi. Tumwachie tundu hili, hataki kingine."

"Na moshi wa majirani ukiingia? Mama yangu avute nini?"

"Akikosa tundu hili, atatafuta jingine."

"Akatafute! Wiki tatu nakula vumbi, fundi, nimechoka! Ziba. Uzibe mara mbili."

Fundi akaziba, akisoma dua zote alizozijua. Akaondoka bila kusema kesho.

Alhamisi ilikuwa kimya. Ijumaa mchana mume wa mwenye nyumba alimleta mama mkwe wake, akamkalisha karibu na sinki jipya, akaenda kushusha mizigo. Mama akapapasa vigae, akatabasamu.

"Umejisumbua hivi kwa ajili yangu, mwanangu?"

"Nani mwingine, mama? Pumua tu, hakuna moshi tena."

Akageuka kujaza birika, na maji yakitiririka akasikia pumzi mbili fupi, kisha moja ndefu yenye mluzi. Akafunga bomba. Akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa umetulia kabisa.

Harufu ya masizi ilitoka nyuma yake.

"Mama?"

Mama alikuwa ameinua uso darini, macho yamefumbwa, mdomo wazi. Midomo haikusogea hata kidogo, lakini sauti ilitoka, kavu, kutoka mbali sana chini kifuani.

"Na hapa utaziba?"