Ripoti ya Kifagio

Job Lusweti alikuwa amelala kifudifudi kati ya meza mbili za chuma, damu imemtoka nyuma ya sikio na kutambaa hadi kwenye nyaya za kompyuta. Inspekta Muhonja alichutama, akamgusa shingoni. Mshipa ulikuwa ukipiga, lakini kwa mbali sana.

"Yu hai," akasema. "Harakisheni gari la wagonjwa."

Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, Machi 1999, katika nyumba ya mawe mtaani Kaloleni ambayo Job na mwenzake Eve walikuwa wameigeuza ofisi ya kutengeneza tovuti. Eve ndiye aliyemkuta. Alikuwa ametoka kula, akarudi saa saba na nusu, akafungua mlango na kupiga mayowe. Kibarua mmoja wa Mukuru kwa Reuben, Opicho, aliyekuwa akipita na mkokoteni, alikimbilia ndani na kujaribu kumwinua Job. Polisi wa kwanza kufika walimkuta na damu kifuani. Wakamtia pingu.

Eve alieleza mara tatu kwamba Opicho aliingia baada yake. Mkuu wa kituo hakutaka kusikia. Kwake yeye, mtu huyo alikuwa ameiba, akampa mwenzake mzigo, kisha akarudi kujifanya msamaria. Jumatatu angefikishwa mahakamani, na kama majeruhi angefariki kabla ya hapo, shtaka lingekuwa mauaji.

Muhonja alijua shtaka la mauaji linaishia wapi. Alianza kukagua chumba.

Kompyuta mbili hazikuguswa. Redio ilikuwa dirishani. Ni kompyuta ya Job tu iliyofunguliwa kifuniko, ikang'olewa diski yake kuu, na sanduku la disketi lililokuwa kando halikuwepo. Skrubu nne za kifuniko zilikuwa kwenye kisahani cha chai, zimesimamishwa kwa vichwa vyao, mstari mmoja ulionyooka.

Mwizi mwenye haraka, Muhonja aliwaza, hapangi skrubu.

Alimuuliza Eve kulikuwa na nini ndani ya diski hiyo. Eve alifuta machozi na kumweleza taratibu, kama mtu anayemfafanulia mamake. Kutengeneza tovuti ni kuandika mamia ya kurasa kwa mkono, na kila ukurasa una viungo vya kumpeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine. Herufi moja ikikosewa, kiungo kinakufa na mteja analalamika. Mafundi wengi walikuwa wakijitengenezea programu ndogo ndogo za kuwarahisishia kazi: moja ya kupunguza uzito wa picha, nyingine ya kupanga rangi. Job alikuwa ameandika ya kwake kwa miezi minane. Aliiita Kifagio. Ilipita kwenye tovuti nzima kwa dakika chache na kutaja kila kiungo kilichokufa.

"Na kabla ya Kifagio, ni nani aliyekuwa akikagua viungo?"

"Mzee Mureithi, mfanyakazi wetu. Alikuwa anavibonyeza kimoja kimoja."

Mureithi alirudi ofisini saa tisa, akakuta askari mlangoni. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na saba, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Alisema alikuwa soko la Kariokor tangu saa sita, akitafuta viatu vya ngozi. Alimsikitikia Job kwa maneno machache. Muhonja alipomuuliza kama amewahi kufungua kompyuta, alitikisa kichwa. Yeye ni wa kusoma kurasa tu, alisema. Mambo ya ndani ya mashine ni ya vijana.

Jumamosi asubuhi Job alikuwa bado hajazinduka. Daktari alisema ubongo umevimba na hakuna la kufanya ila kusubiri. Muhonja alitoka hospitalini, akarudi kituoni na kushuka seli. Opicho alikuwa ameketi sakafuni, bado na shati lile lile.

"Madam," akamuuliza, "yule kijana akikufa, mimi nitanyongwa?"

Muhonja alifunga mlango wa seli. Alipanda ngazi haraka, akakuta simu inalia mezani. Alikuwa Eve. Alitaka Inspekta aje upesi, kuna kitu amekiona.

Muhonja alipofika, kompyuta ya Eve ilikuwa inawaka. Job, alieleza, alikuwa ameiagiza Kifagio imtumie Eve ripoti kwa barua pepe kila inapomaliza kazi. Tangu Ijumaa Eve hakuwa na moyo wa kufungua barua. Ripoti ya mwisho ilitumwa saa saba na dakika tano mchana. Ilitaja viungo arobaini na vitatu vilivyokufa, kila kimoja kwenye ukurasa wake, vyote katika tovuti moja ya hoteli.

Eve akafungua mmoja wa kurasa hizo na kumwonyesha maandishi yake ya nyuma, yale ambayo msomaji wa kawaida hayaoni. Katikati ya alama za ajabu ajabu palikuwa na mstari mmoja wa Kiswahili safi: Umekaguliwa, hauna kosa. Mureithi.

"Uko kwenye zote arobaini na tatu, Afande. Hakuwa anazikagua. Alikuwa anaweka jina tu."

Muhonja alikwenda Kariokor mwenyewe. Alizunguka vibanda vya viatu kwa saa nzima, akieleza sura ya Mureithi, mpaka mwanamke mmoja aitwaye Kavutha alipoacha kushona na kumtazama. Anamjua mzee huyo, ni mteja wake. Jana alikuja, lakini si saa sita. Saa sita Kavutha alikuwa hajafungua. Alikuja kama saa nane, anahema, na hakununua kitu. Alimwomba amtunzie mfuko mpaka Jumanne.

Mfuko ulikuwa chini ya rundo la ngozi. Ndani yake, vikiwa vimefungwa kwenye gazeti, kulikuwa na disketi kumi na nane na diski moja nzito ya chuma.

Jumapili saa nne asubuhi, Mureithi aliketi mbele ya Muhonja katika chumba cha mahojiano. Inspekta alimkumbusha haki yake ya kunyamaza. Kisha akamsogezea karatasi.

"Hii ni orodha ya kurasa ulizokagua wewe, Mzee. Zitazame."

Mureithi aliinamia karatasi, akaitazama kwa muda.

"Ni zangu," akasema. "Nilizikagua zote."

"Hiyo ni fomu ya kumkamata Opicho."

Mzee aliilaza mikono yake juu ya karatasi, kama anayetaka kuifunika.

"Ni tangu lini huoni?"

"Mwaka wa pili sasa. Kwanza ilikuwa ukungu. Barabarani naona. Herufi ndizo zimekwisha."

Yaliyobaki yalitoka bila kuulizwa sana. Kwa miaka ishirini na mbili alipanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda cha uchapaji, kwa vidole, moja baada ya moja. Mashine mpya zilipokuja, meneja alimwita kando na kumwambia asijali, watamtafutia kitu kingine. Alisubiri miaka tisa. Ni Job aliyemchukua, na macho yalipoanza kwenda hakuthubutu kumwambia. Ijumaa ile Job alimwita mbele ya mashine na kumsomea ile orodha ya Kifagio. Hakumkaripia.

"Aliniwekea mkono begani," Mureithi akasema. "Akaniambia, Mzee usijali, tutakutafutia kitu kingine. Maneno yale yale, Inspekta. Kwa upole ule ule."

Alimsukuma. Job akajigonga kwenye pembe ya meza. Mureithi, akidhani amekufa, alipapasa kisahani cha kuwekea skrubu, akafungua mashine kama alivyomsikia Job akifanya mara nyingi, akaondoka na diski na disketi zote ili orodha ipotee. Hakujua kwamba ilikwisha kutumwa.

Konstebo aligonga mlango, akamnong'oneza Muhonja. Hospitali ilikuwa imepiga simu: Job amefumbua macho na kuomba maji. Muhonja alimweleza Mureithi. Mzee aliinama, mabega yakamtikisika kwa muda mrefu.

Muhonja aliandika maelezo, akamsomea yote kwa sauti, kwani mwenyewe asingeweza. Alipomaliza alimpa kalamu na kumshika mkono kuuelekeza kwenye nafasi ya sahihi. Mureithi hakuandika.

"Yana kosa," akasema.

"Wapi?"

"Umeandika nilimsukuma. Kisha umeandika nilidhani amekufa." Aliiweka kalamu chini taratibu, sambamba na ukingo wa meza. "Futa hapo. Andika kwamba nilimsikia akipumua, na nikaendelea kufungua skrubu."